Resori za kungaa

Mujukuu wangu Dieumerci,

Siye wa Nyakasanza tuko wazima, mbuzi imezaa mapacha. Lakini barua yako imenikasirisha! Unachagua resori, springi za kufunga supape (valvu) za pikipiki ya mashindano, kwa sababu ya kungaa tu?

Babu yako alichagua vile kwa kamiyo, lori yake. Nikapanga resori yake mupya na ya zamani mu eto, kile chuma cha kubana vitu, kichwa kwa kichwa, nikakaza. Ile ya kungaa ikajikunja ya kwanza. Nikamwambia: "Haina nguvu." Akacheka: "Mama Jeanne, weye unajua nini ya moteri?"

Mbele ya kufika Marabo supape ikachelewa kufunga, pistoni ikaigonga, moteri ikakufa. Vita ilikuwa imetulia, lakini hakuna mutu alikuwa anasubutu kulala njiani. Siye tulilala.

Ukaze resori mu eto kwanza, mwanangu. Babu yako iko hapa nyuma ya bega yangu, anasoma, leo hacheki. Asicheke!