Pengo Kwenye Ua wa Kayaba

Baba yangu,

Mji wa Nyeri umetufikia. Yale mashamba marefu membamba, yanayoshuka kutoka lami hadi mtoni, sasa ni ploti. Kila familia imekata barabara yake katikati, ikaweka geti juu, na chini barabara imeishia hewani. Unajua nilivyo na udadisi: Jumamosi nilivaa gambuti nikaziingia zote saba. Hakuna hata moja inayokutana na nyingine! Ukizitazama kwenye ramani ya simu ni meno ya kichana.

Nikakukumbuka ukipunguza ua wa kayaba kati yetu na Mama Wahome. Miiba ilikuchuna mikono, lakini pale katikati uliacha pengo la kupita mtu na ndoo yake. Nilikuuliza mbona hulizibi. Ukacheka, "Watu si ng'ombe, ati niwafungie." Jioni tulipita hapo na maziwa, tukarudi na uji wake mchachu. Dakika mbili tu, hata kwa mguu wako mbaya.

Nisamehe, Baba. Ulipotuacha niliogopa wezi, nikaliziba lile pengo kwa seng'enge. Mwezi jana Mama Wahome alikuja akizunguka, akapanda mpaka lami, akashuka kwetu, karibu saa nzima, na chupa ya uji mkononi. Alikaa kwanza akihema. Kisha akasema, "Wanjiru, niko na swali moja tu. Nilikukosea nini?"

Aibu niliyoona!

Wiki hii saveya amekuja kutugawia shamba. Nikamuuliza, barabara yetu haiwezi kupinda ipite pale pengoni, iendelee kwa jirani? Akakuna kichwa. "Inaweza, lakini itakula ploti ya kona. Si hiyo ndiyo yako?"

Ndiyo yangu. Hapo ndipo nilipanga kujenga nyumba yenye dirisha la kuona mlima. Nililia kidogo, siwezi kukuficha. Kisha nikamwambia apinde, nikampigia Mama Wahome simu kumweleza.

Jana asubuhi niling'oa seng'enge, nikachukua panga lako nikaanza kukata miiba. Niliposimama kupumzika, sauti ya panga haikukoma. Ilitoka upande wa pili.

"Kata, Wanjiru," Mama Wahome akaniita bila kuonekana. "Mimi nilianza saa kumi na mbili."

Sijui nitajenga wapi, Baba. Uji alionipitishia pale pengoni ulikuwa bado moto.

Binti yako wa maswali,
Wanjiru