Samaki wa Mama Ouma

Mpendwa Baba Atieno,

Jana rafiki zako walikuja kunitazama. Tangu tulipokuzika hawajaniacha. Niliagiza samaki kwa Mama Ouma, na moyo wangu ukarudi moja kwa moja kwenye ile Jumapili ya kwanza.

Unaikumbuka? Chumba kimoja pale kambini kwa wachuma chai, mvua ya Kericho ikipiga bati, nami mke mgeni, Mkikuyu kati ya Wajaluo. Onyango, mchuma chai mwenzako, na wenzake wawili walikuwa wakienda likizo kwenu ziwani, wakataka kula kwetu kwanza. Mama yako ndiye aliyewatuma wanichunguze. Kama siwezi kuwapikia watu wa mwanawe, nirudi kwetu.

Nami samaki sikuwahi hata kumgusa! Kwetu tulimhesabu ndugu wa nyoka. Ukaja na shauri lako: tuagize kwa Mama Ouma, jirani aliyewapikia makapera wa kambi nzima, kisha nimimine kwenye sufuria yangu na ninyamaze.

"Nani atajua?" ulisema. Ulikuwa na mazuri mengi, mume wangu, lakini uongo haukuwa kazi yako. Masikio yalikuwa yameshaanza kukutoka jasho.

Lakini sikumimina; nikawaletea chungu cha Mama Ouma vilevile, kile chenye mdomo uliomeguka, ambacho kila mchuma chai alikijua. Ukanikodolea macho. Onyango akarudisha mkono kabla ya kuonja.

"Hii chungu si ya hapa."

"Ni ya Mama Ouma," nikamjibu. "Samaki mimi sijui kupika. Ugali na mboga ndio yangu. Kuleni, isipoe."

Niliogopa, sikatai, lakini kichwa sikuinamisha. Nilikupenda, na nilitaka kukaa nawe kama nilivyo. Hatimaye Onyango akamega ugali wangu, akautafuna polepole, akaangua kicheko.

"Mimi nitamwambia mama vile nimeona. Samaki hajui. Kutudanganya pia hajui."

Waliporudi kazini walikuja na kapu la ngege wakavu, samaki wa ziwa lenu, kutoka kwa mama yako, na ujumbe mfupi: "Nakuja kumfundisha." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na kweli alikuja, akanifundisha, akanigombeza, akanipenda.

Siku hizi napika samaki mpaka Mama Ouma mwenyewe huja kuonja. Jana ningeweza kupika. Nikaagiza tu, kwa sababu yako, nikakiweka kile chungu katikati yao. Mdomo umezidi kumeguka. Onyango akakipapasa.

"Hii chungu si ya hapa," akasema. Kigoda chako kilikuwa kitupu kando yake. Tulikukosa sana.

"Ni ya hapa," nikamwambia. "Kama mimi."

Pumzika, Baba Atieno. Nilikuwekea kipande cha kichwa, unachokipenda. Onyango amekimaliza.

Mkeo,
Mama Atieno