Maharagwe Bila Magadi

Mama yangu,

Nina kesi nawe, na sijui nikushtaki kwa nani. Tangu tukuzike kule Mghange, baba anaishi kwangu hapa Voi, na kila siku ya Mungu tunagombana juu ya sahani. Presha imempanda. Kliniki walisema chumvi ipunguzwe mpaka ikaribie kuisha, mafuta yawe kidogo, mboga ziwe nyingi. Niliitikia kila kitu kwa kichwa, nikatoka pale nikijiona daktari. Kumbe sikuwa nimeelewa lolote.

Unakumbuka siku uliyonikabidhi mwiko wa kimanga? Nilikuwa darasa la nne. Mihogo imeiva, maharagwe yameiva, nami napondaponda kama anayeogopa kuyaumiza. Ukanicheka mpaka ukashika mbavu. "Ponda na hasira, Wakesho! Kimanga hakitaki mtu mpole." Kabla ya hapo ulikuwa umelishusha lile kopo la kakao lililotoboka kifuniko, ukachota magadi kwa vidole viwili na kuyarusha kwenye chungu cha maharagwe. Nilipouliza ni ya nini, ulisema, "Huku mlimani kuna baridi. Bila magadi tutakula kesho, na kuni hazijileti." Basi nikajua hivyo. Maharagwe ni maji, moto na magadi, na anayepika vinginevyo hana mama.

Kwa hiyo nilipoambiwa nitoe chumvi, niliitoa yote. Vikolezo vya pakiti nikavitupa. Majirani nikawatangazia kwamba nyumba yangu haina chumvi. Nikampikia baba kimanga chako, na maharagwe nikayaivisha kwa magadi, kama kawaida. Alikula, mama! Alikula akafuta sahani kwa kidole, nami nikavimba kichwa.

Tuliporudi kliniki presha ilikuwa juu kuliko mwanzo. Muuguzi akaniuliza nampikia vipi.

"Bila chumvi, sista. Hata punje."

"Na maharagwe unaivisha na nini?"

"Na magadi tu."

Akaweka kalamu chini. "Dada, hiyo magadi kwa presha ni kama chumvi tu. Ni kama hukutoa kitu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi miwili nilikuwa nikimlisha baba kile kile nilichokatazwa, kwa mkono wangu, huku nikijisifu. Na yeye amekaa pale kando yangu, kofia magotini, akaniambia, "Wacha, si wewe." Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu ni mimi.

Sasa napika upya, kama niliyeolewa jana. Maharagwe nayaloweka tangu jioni. Asubuhi namwaga yale maji, nasuuza, nayachemsha kwa moto mdogo nikiwa nimefunika sufuria, na yanaiva, mama, yanaiva vizuri tu bila magadi. Mchicha nauosha kabla ya kuukata na siuachi motoni ukafa rangi. Badala ya mafuta naponda parachichi ndani ya kimanga. Natia tangawizi, kitunguu saumu na dhania. Jirani yangu Mama Salma, mtu wa pwani, ndiye aliyenifunza ndimu. "Itie mwisho, mwanangu, chungu kishaepuliwa, wala chumvi hutaikumbuka." Na kweli mimi siikumbuki.

Lakini baba anaikumbuka. Anaonja kijiko kimoja na kuisogeza sahani. "Hii ni chakula ya mgonjwa." Namwambia yeye ni mgonjwa. Ananuna hadi jioni. Mshipi wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, akadhani sikuona. Nikimpa anachokitaka namuumiza, nikimnyima ananyauka mbele yangu. Mwiko ninao mkononi na sijui niutumie vipi.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimkuta jikoni. Kopo lako la magadi lilikuwa mkononi mwake, kifuniko wazi, na sufuria ya maharagwe iko motoni. Nililileta kutoka Mghange, na hata baada ya kliniki sikuweza kulitupa. Niliruka. "Baba, usitie!"

Hakuwa anatia. Alikuwa ameliweka puani.

"Haina harufu," akasema. "Nilidhani itanukia jikoni kwake."

Nililichukua kopo taratibu, nikalifunika, nikalirudisha juu ya kabati. Nikampakulia kimanga na kukaa naye. Alikula vijiko vitatu. Nilivihesabu. Kisha akasema, "Mama Wakesho angecheka na hii ndimu," naye akacheka kidogo, na sahani ikapoa mbele yetu.

Nilikuwa nikidhani kesi ni ya magadi. Badala ya chumvi nimepata ndimu, mama. Badala yako sijapata kitu cha kuweka, na sitakipata jikoni wala kliniki. Nakulaumu kwa kunifunza kupika na kutonifunza hili. Nisamehe, najua hukuondoka kwa kupenda.

Pumzika huko mlimani. Maharagwe ya kesho nimeshayaloweka. Sijui kama atakula.

Mwanao uliyemwachia mwiko,
Wakesho