Nani Yuko Chini ya Mti

Murungu, Kibondo
Septemba 2014

Mpwa wangu Butoyi,

Mwakeye, habari za huko Kasulu? Kabla watu wa sokoni hawajakufikishia uongo, pokea ukweli kutoka kwangu mwenyewe: mjomba wako sikuanguka mtini. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanga. Mguu ndio uliovunjika, mimi mzima.

Ni ule mti mkubwa wa bondeni, wenye mzinga wa nyuki wa gome alioutundika babu yako. Unaukumbuka, maana ulikulia chini yake, mkono mmoja kamba, mkono mwingine majani yanayofuka moshi, shingo umeipinda kunitazama. Nikifika juu naita, "Upo?" Nawe, "Nipo, mjomba!"

Siku moja ukauliza, "Na mimi nitapanda lini?" Nikakujibu mwanamke hapandi mzingani, na mwanaume wa kweli anajitegemea, hata hiyo kamba ni mapambo tu.

"Basi mapambo yako yananichuna mikono," ukasema.

Ukaja kuhamia mjini, ukafungua genge lako, hukumwomba mtu hata kibiriti. Najua ulikojifunzia.

Nami nikaendelea peke yangu. Nyuki wananijua, malkia wao hunipisha njia. Lakini siku ile nilipofika juu, mdomo ukaita wenyewe: "Upo?" Kimya. Nikainama kukutafuta, Butoyi. Hapo ndipo niliposhuka haraka.

Nililala pale mpaka jua likapinduka. Chui alikuja, akanitazama, akaona haya, akaondoka. Haya, labda alikuwa fungo. Kilichoniuma kuliko mguu ni wale nyuki. Waliendelea kuingia na kutoka, hakuna hata mmoja aliyeuliza fundi yuko wapi. Huo mwitu ninaouita wangu! Mtu anaishi miaka yote akisema anajitegemea, kumbe kuna mtu chini amemshikia kamba, na yeye juu anadhani ni mabawa yake.

Jirani yetu Gwimo ndiye aliyesikia kelele zangu, akanibeba mgongoni. Njia nzima ananichokoza: "Si ulisema nyuki wanakupigia saluti? Mbona leo hawakukudaka?" Amejitolea kuuteremsha mzinga. Nimekataa. Unamjua Gwimo, anarina kwa moto, asali anapata, nyuki anawaua wote.

Sasa huo moto wenyewe unakuja bila Gwimo. Wamechoma majani ng'ambo ya kilima, na upepo tangu juzi unavuma huku. Nikigeuza kichwa kitandani naona moshi dirishani. Jana ulikuwa nyuma ya kilima. Leo uko juu yake. Ukishuka bondeni, mzinga wa babu yako umekwisha, na nyuki wake, na mti pengine.

Ningepiga simu, ila ungesikia sauti yangu ilivyo. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la asubuhi. Kuna neno halijawahi kutoka kinywani mwangu, na hapa kalamu imesimama mpaka chai imepoa.

Njoo. Nakuomba.

Njoo na suruali, utapanda wewe uuteremshe mzinga. Gwimo atanibeba hadi bondeni, atafyeka majani kuzunguka shina, mimi nitakaa pale kwenye mizizi na kamba yangu na moshi wangu, shingo nipinde mimi. Nikikufundisha kwa kelele, usinijibu. Ukifika juu, ita tu kama nilivyokuwa naita.

Nipo.

Mjomba wako