Kijibao cha Saksafoni

Donatus usicheke. Soma mpaka mwisho kwanza.

Leo ilikuwa sendofu ya dada yangu Vumilia, hapa Kalangalala. Sostenes, mpuliza saksafoni wetu, homa imemlaza. Nikasema niachieni mimi, mtu anayepuliza tarumbeta kanisani kila Jumapili atashindwaje saksafoni.

Nikaisafisha. Pale pa kuwekea mdomo pana kijibao chembamba kimebanwa kwa skrubu. Nikadhani ni kinga ya dukani, kama ile nailoni ya simu mpya. Nikakitoa. Kwa mikono yangu mwenyewe, Dona, nikakitoa.

Vumilia kasimama mlangoni, ukumbi mzima umeinuka. MC anasema kaka mtu atamwingiza bibi harusi. Nikatetemesha midomo kama kwenye tarumbeta. Hewa tu. Nikajaza mashavu. Hewa tu, fyuuu, tena kwenye maiki.

Bibi Zipora akauliza kwa sauti, "Huyu mtoto ana pumu?"

Nikampigia Sostenes palepale.

"Umekitoa kijibao? Mageni, hicho ndicho kinachotetemeka ukipuliza, ndipo hewa ya ndani inalia. Kwenye tarumbeta midomo yako ndiyo inafanya kazi hiyo. Hapo ulipo unapuliza bomba la maji."

Vumilia akanishika mkono. "Kaka, acha tu. Nitaingia hivihivi."

Akaingia. Watu wote wale, na nilisikia viatu vyake mpaka mbele.

Kijibao kilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati. Bado kimo.