Utepe Wako Umerudi kwa Kuku Mmoja

Mpendwa Baba Zawadi,

Jina hili hukuwahi kuitwa ukiwa hai, kwa hiyo lizoee taratibu. Ile mimba uliyoniachia ilikuwa ya mtoto wa kike. Sasa ana miaka sita na kichwa kigumu kama chako. Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mchicha mlangoni, akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikafungua mdomo nikuigize. Sikuweza. Nilikumbuka shati lako la kaki, kovu la kidole ulichokiunguza ukilehemu waya, hata ulivyokuwa ukisukuma mlango kwa goti. Lakini sauti yako ilikuwa imenitoka kabisa. Nilijifungia chooni nikalia, Salehe.

Nililia zaidi kwa sababu sauti hiyo ilikuwapo, na mimi ndiye niliyeiacha iende.

Unazikumbuka Jumapili zetu katika klabu ya wafanyakazi kule shamba la mkonge? Siku za kazi ulikuwa fundi umeme wa reli hapa Kilosa, na Jumapili mchana wakubwa wa shamba walikuruhusu kutumia jenereta na ile rekoda ya klabu. Ulikuwa umejiundia kinanda cha umeme kwa vipande vya redio mbovu, kinatetemeka kama mtu mwenye baridi. Ukaimba soul kama ile ya kwenye santuri za ng'ambo, ila kwa Kiswahili chetu. Wenzako wa bendi walikucheka. Wao walitaka rumba, watu wacheze. Ukawaambia, "Wachezesheni nyie. Mimi nataka mtu akae chini anyamaze."

Basi tukabaki wawili. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, kubonyeza rekoda, kufukuza kuku wa mlinzi na kufunga mdomo. Hilo la mwisho lilinishinda. Wimbo wa kwanza niliuharibu kwa kupiga kelele "Eee, mume wangu!" katikati, ikabidi tuanze upya. Ndipo ukaweka sheria yako: utepe ukizunguka, Asha anajibu kwa kichwa tu. Halafu, kwa uchokozi wako, ukawa unaniuliza maswali makusudi, nami natikisa kichwa kama mjusi kafiri juu ya jiwe.

Nyimbo zikawa nne. Kila aliyezisikia alisema zipelekwe redioni Dar es Salaam. Ukagoma. Ule wa nne haujaiva, ulisema, utaurudia. Kisha homa ikakuchukua kwa siku tatu.

Siku ya maziko alikuja Bi Mwajuma, mtani wako Msagara, yule aliyekuwa akikuita Mnyamwezi wake wa kubeba mizigo mbele ya watu wote wa stesheni. Aliingia tulimokaa wanawake, amevaa kofia yako, akaukwapua utepe wa nyimbo zako juu ya kabati, akaanza kuzunguka nao akiimba kwa pua: "Ooo, kafa na makelele yake, leo tutalala!" Watu wakacheka. Mama yako naye alicheka, machozi yakimtiririka. Ndivyo watani wanavyofanya msibani. Mtani anachukua kitu cha marehemu, wafiwa wanacheka, wanakikomboa kwa kuku au kwa chochote kilichopo, naye anakirudisha. Nalijua hilo tangu udogo wangu.

Lakini alipoiga ile sauti yako, wallahi, nilipandwa na hasira nisizozijua. Nikainuka na tumbo langu nikamwambia, "Toka, mshenzi we! Chukua hilo takataka lako, sitaki kuliona tena!"

"Asha," mama yako akasema polepole, "umemkasirikia mtani? Msibani?" Bi Mwajuma akavua kofia, akaiweka mkekani. Utepe hakuuweka. Nilikuwa nimemwambia auchukue, na kitu kilicho mikononi mwa mtani hakirudi bila kukombolewa. Baadaye akahamia na mwanawe kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mikumi, chini ya milima ya Vidunda. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata, kwa aibu kwanza, halafu kwa kiburi.

Swali la Zawadi ndilo lililonitoa nyumbani. Nikamfunga kuku miguu, nikapanda basi la Mikumi, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta Bi Mwajuma anapukuchua mahindi ya shamba la kijiji. Amezeeka, Salehe. Nikapiga goti, "Shikamoo, Bi Mwajuma." Hakuitikia. Alimchukua yule kuku, akampima uzito kwa mkono.

"Mbona amekonda hivi? Au mlimtembeza kwa miguu miaka sita yote?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye magunzi. Kicheko nilichomnyima siku ile kilitoka chote, kikaja na kilio chake, naye akalia.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe. "Nilikuwa nakungoja."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lililojaa majani ya mwarobaini, utepe wako katikati yake. "Tembo wamekula mahindi, panya wamekula magunia. Huyu Mnyamwezi sikukubali aliwe."

Jumapili iliyopita nilikwenda klabu na Zawadi. Shamba sasa ni la umma, ila rekoda ni ile ile, na katibu wa klabu alituwashia jenereta akatuacha. Benchi lako bado lipo. Ukaanza kuimba, na Zawadi akashika mdomo. "Kumbe ana sauti nyembamba!" Tulisikiliza zote nne. Katibu anataka nizipeleke redioni. Sijamjibu, nataka kwanza kuzishiba mwenyewe.

Wimbo wa nne ulipokwisha, kinanda kikazimwa, nikakusikia unavuta pumzi. Ukauliza, "Asha, imetoka?"

Halafu kimya. Utepe unazunguka tu, shshsh.

Zawadi akanigeukia. "Mama, mbona hukumjibu?"

Nilikujibu, Salehe. Nilitikisa kichwa kukubali mpaka kitambaa kikanidondoka, na wewe uliniona. Lakini utepe haukuona. Mtu yeyote atakayeusikiliza atadhani ulikuwa peke yako chumbani mle, unauliza ukuta. Nami nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni nilipokaa siku ile, nikaujua huo upweke ulivyo, kwa kuwa ndio ninaoamka nao kila asubuhi.

Nikarudisha utepe nyuma kidogo. Ukauliza tena. Safari hii nikafungua mdomo, nikakujibu kwa sauti mbele ya mwanao: "Imetoka, mume wangu. Usiirudie."

Pumzika sasa, na unisamehe kwa kuivunja sheria yako.

Mkeo,
Mama Zawadi