Mgonjwa wa Igizo

Jumanne, 4 Machi 2003
Isinya, sokoni. Igizo lile lile. Hatutangazi kwamba ni igizo, ndiyo kazi yetu ilivyo. Lemayian, anayecheza mume wangu, hunirushia beseni la nguo mbele ya wauza nyanya na kupiga kelele kwamba nimemletea ukimwi nyumbani. Mimi nalia. Watu wanakuja mbio. Wakishajaa, Njoroge, kiongozi wa kikundi, anaingia katikati na kuanza mafunzo: kupimwa, kujikinga, dawa ya kumkinga mtoto tumboni. Leo mzee mmoja alimkamata Lemayian shati. "Wewe kijana, huyu ni mtoto wa mtu!" Baadaye alicheka kuliko wote.
Nimefua nguo za beseni. Vumbi jingi. Siku hizi machozi yanakuja yenyewe. Sisikii kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Kitengela, nyumbani. Nimemsaidia Mama kuchambua maharagwe. Githeri yake, mahindi na maharagwe, inanunuliwa na vibarua wa ujenzi na wapangaji wenzetu wa ploti. Mama Shiro, wa chumba cha pili, alipokea bakuli lake kutoka mkononi mwangu, akalitazama, akalirudisha. Akaniambia pole.
Nimeelewa jioni. Jumanne alikuwa Isinya kununua vitunguu. Aliniona nikifukuzwa, akaondoka kabla Njoroge hajaingia.

Jumamosi, 8 Machi
Naisula alileta maziwa asubuhi kama kawaida. Hakuondoka. Alinivuta nyuma ya choo.
"Ndito," akasema. Ndivyo anavyoniita, msichana. "Nilikuona Isinya. Sikungoja, nilisikia vibaya moyoni. Mimi pia niko nayo."
Alishika tumbo. Atazaa mwezi huu. Alipimwa kliniki, akaambiwa kuna kidonge Kajiado cha kumkinga mtoto. Hajaenda. Mumewe ananunua ng'ombe Namanga, hajui. Mama mkwe ndiye atakayemzalisha, nyumbani, naye hajui.
"Peke yangu siwezi kukaa kwa ile benchi. Wewe unajua hii maneno. Twende na wewe."
Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nikisema mimi ni mzima, atarudi kwake na mtoto atazaliwa bila dawa. Nimesema tutaenda Jumanne.

Jumapili, 9 Machi
Mama amesikia. Vibarua nao wamesikia. Sufuria ilirudi nusu.
"Kwa hivyo hii githeri nile peke yangu hadi Krismasi?" Kisha akaacha mzaha. Anataka nisimame kanisani niseme ni mchezo tu. Nimesema Jumapili ijayo. Siwezi kumwambia sababu. Siri si yangu.

Jumanne, 11 Machi
Kajiado. Hospitalini, benchi ndefu mbele ya mlango ambao kila mtu anajua ni wa nini. Naisula alijifunika shuka hadi machoni. Alipoona mimi sijajifunika, akalishusha.
Nesi alieleza polepole. Kidonge ni cha kumeza uchungu ukianza. Kisha mtoto aletwe kabla siku tatu hazijaisha, apewe matone. Yote mawili. Naisula alifunga kidonge kwenye pindo la leso.
Tukitoka, Mama Shiro alikuwa langoni na chupa ya uji, anamletea dadake aliyelazwa. Alitutazama sisi, akautazama ule mlango. Naisula aligeuka upande. Mimi nilisalimia. Nilisimama mbele ili anitazame mimi.

Jumapili, 16 Machi
Mchungaji aliuliza kama kuna aliye na neno. Mama alinibinya mkono. Sikusimama. Maneno ya kanisani yanafika kwa wateja wa maziwa kabla ya chakula cha mchana. Naisula akisikia sasa, mtoto hatapelekwa Kajiado.
Mama alitangulia njia nzima. Tulipofika mlangoni akasema, "Basi ni kweli." Nikasema si kweli. Akauliza, kama si kweli, mbona sikusimama. Nikaenda kuanua nguo.
Analia chumbani. Ninakunja nguo.

Jumanne, 18 Machi
Mazoezi. Lemayian ananiita bibi yangu mbele ya wote. "Bibi yangu, umeniponza. Yule dada wa duka ananiwekea chenji juu ya meza, hagusi mkono." Walicheka. Nilicheka pia, nadhani. Njoroge anataka tuwe tunatangaza kabla ya kuanza, kwa ajili yangu. Nikamwomba angoje wiki moja. Alinitazama sana. Akakubali.
Mama hakupika leo.

Ijumaa, 21 Machi
Maziwa yameletwa na mama mkwe wa Naisula. Naisula alizaa jana, mtoto wa kike. Nimeenda na fulana ya kikundi ili nionekane niko kazini. Naisula alininong'oneza kwamba kidonge alikimeza, akamwambia mama mkwe ni cha kichwa.
Mama mkwe hataki mtoto atoke. Upepo, macho ya watu, mama hajapata nguvu. Nikamwambia kuna chanjo ya mtoto mchanga, na hiyo ni kweli. Alikataa. Nikakaa. Nilikunywa chai yake yote. Aliponimiminia tena, nikasema tena. Mwishowe akasema, "Huyu msichana ni kupe." Kesho tunaenda.

Jumamosi, 22 Machi
Mtoto amepewa matone. Alikunja uso, akayameza. Nesi alisema tumefika kwa wakati.
Tulikaa nje kivulini anyonyeshwe, kama nesi alivyomwelekeza. Naisula alikuwa na furaha. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo.
"Sasa nifundishe," akasema. "Wewe unakula nini usikonde? Uliambia nani kwanza?"
Hapo nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Nikamwambia. Kwamba sina. Kwamba ni igizo, na Lemayian si mume wangu.
Alimhamisha mtoto hadi bega la upande wa pili, mbali nami.
"Mimi nilikuambia yangu," akasema.
Kwenye gari alikaa kiti cha mbele, hadi Kitengela. Sijui kama nilipaswa kungoja kabla ya kumwambia. Sijui ningengoja hadi lini.

Jumapili, 23 Machi
Nimesimama kanisani. Nimesema. Watu walipiga makofi. Mama Shiro alinikumbatia na kusema yeye hakuamini hata siku moja. Mama alicheka hadi akajifuta macho. Nilikaa chini. Kiti kilikuwa na joto.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua asubuhi. Naisula ameanza tena kuleta maziwa mwenyewe. Mama alitoka kupokea. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi, nikawasikia. Mama alimbeba mtoto, akasema ni mzito, ana mashavu, mama yake anamlisha vizuri. Naisula alisema anarudi Kajiado mwisho wa mwezi, nesi amemwambia asikose siku.
Mama aliniita nije nione mtoto. Nikasema pasi ni moto.
Alipoingia na maziwa aliniuliza kwa nini yule mama haniulizii siku hizi, na tulikuwa tunaelewana. Nimesema sijui. Akaweka chai jikoni. Tukanywa.